Uzi maalumu: Kutengeneza sandwichi ya nyambizi ya deli ukiwa jikoni kwako

Mzee wa Kaunta (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka sita niliyoishi New Jersey nilifanya kazi nyuma ya kaunta ya deli, yaani lile duka la Kimarekani linalouza nyama zilizokwisha kupikwa au kukaushwa, jibini, achari na mikate, ambako mteja hukatiwa nyama mbele ya macho yake na kutengenezewa sandwichi ya kuondoka nayo. Tangu niliporejea Dar es Salaam nimeulizwa mara nyingi namna ya kutengeneza ile sandwichi ndefu iitwayo nyambizi, na wengi wanaouliza wamekwisha kujaribu: wamenunua nyama za bei ghali, wamejaza mkate mpaka haufungiki, kisha wakaishia na kitu kilicholowa chini, kigumu juu, na ambacho nyama yake yote huchomoka mara tu mtu anapong'ata. Nimeona nieleze kwa utaratibu nilivyofundishwa, pamoja na yale niliyolazimika kuyabadili baada ya kurudi, maana jikoni kwangu sina mashine ya duara ya kukatia nyama wala mwokaji anayeleta mikate mlangoni saa kumi na moja alfajiri.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Nyambizi ni chakula cha wahamiaji wa Kiitalia wa kaskazini-mashariki mwa Marekani. Huko Portland, jimbo la Maine, Giovanni Amato anatajwa kuwa aliwauzia wafanyakazi wa bandarini mikate yenye nyama, jibini na mboga tangu mwaka 1902. Na mjini Paterson, New Jersey, Dominic Conti alifungua duka lake la vyakula mwaka 1910. Familia ya Conti husimulia kwamba mwaka 1927 mzee huyo alikwenda kuitazama Fenian Ram, nyambizi iliyobuniwa na John Philip Holland na kushushwa majini mwaka 1881, akasema inafanana na sandwichi anazouza dukani kwake. Ukiiona picha ya chombo hicho, chembamba kwenye ncha na kinene katikati, huwezi kumlaumu. Kilikuwa chakula cha mtu wa kazi ya mikono: kibebeke, kikae saa mbili tatu bila kuharibika, na kiliwe bila sahani. Masharti hayo matatu ndiyo yanayoeleza karibu kila nitakachoandika hapa chini.

Nianze na mkate, kwa sababu ndiko sandwichi nyingi zinakofia. Mkate wa nyambizi unatakiwa kuwa na ganda jembamba linalokatika kwa meno bila kushindana nayo, na ndani uwe laini lakini wenye mvutano kidogo. Mkate wa Kifaransa wenye ganda gumu haufai, kwa kuwa ukiung'ata unalazimika kubana kwa nguvu, na nguvu hiyo husukuma nyama na nyanya zitokee upande wa pili. Skonzi tamu za kiamsha kinywa nazo hazifai, kwani hunywea mara zinapoguswa na siki.

Vipimo vyangu ni unga wa ngano gramu 500, maji gramu 310, chumvi gramu 10, sukari gramu 10, hamira ya chenga gramu 5 na mafuta ya kula gramu 15. Pima vyote kwa mizani, hata maji, kwa sababu kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa hutofautiana sana. Ukipata unga ulioandikwa kuwa una protini ya asilimia 11 au 12, uchukue huo. Kanda kwa dakika kumi mpaka donge liwe nyororo, lifunike, liache liumuke hadi liongezeke maradufu. Kwa joto la Dar es Salaam hilo huchukua saa moja au pungufu, ilhali New Jersey wakati wa baridi tulisubiri saa mbili. Gawa madonge sita ya takribani gramu 140. Kila donge libonyeze liwe bapa, likunje mara mbili kama unavyokunja barua, kisha lisukume kwa viganja mpaka lifike sentimita 20 na ncha zake ziwe nyembamba. Hapo ndipo mtu mwenye haraka hukosea: asipobana vizuri ule mkunjo, mkate hupasuka ubavuni ndani ya oveni na baadaye hauna mgongo wa kushikilia vitu.

Yaache maumbo hayo yaumuke tena kwa dakika 40 hivi. Oka kwa nyuzi 220 za Selsiasi kwa dakika 16 hadi 18, ukiwa umeweka chini ya oveni trei yenye maji ya moto kwa zile dakika nane za mwanzo. Mvuke hulifanya ganda lichelewe kukauka, hivyo mkate hupata nafasi ya kupanda, na ganda lenyewe hubaki jembamba. Ukiitoa, iache ipoe kabisa kabla ya kuikata. Mkate wa moto ni mtamu kwa siagi, lakini kwa nyambizi ni hasara, kwa sababu mvuke wake utayeyusha jibini na kunyausha majani.

Nyama nitaiandika baadaye leo. Mwenye swali kuhusu mkate na aulize.

Bint Mkunazini

Ahsante sana, Mzee wetu. Mimi niko Unguja, na hapa boflo tunazipata moto moto asubuhi na jioni. Je, kuna sababu ya mtu kujichosha na kukanda ikiwa boflo iko dukani na inafanana kabisa na umbo unalolieleza?

Mzee wa Kaunta

Dada yangu, boflo ni jirani wa karibu mno wa mkate huu, na mimi nikija Unguja huitumia bila kusita. Kuna masharti mawili tu. La kwanza, iwe ya siku hiyohiyo, kwani boflo iliyolala hukauka ganda na kuwa kama mpira. La pili, itazame uzito wake mkononi: nyingine zina hewa nyingi ndani kiasi kwamba ukimimina siki inapita moja kwa moja mpaka mkononi mwako. Ukipata nzito kidogo, usihangaike na kukanda. Kuoka ninakueleza kwa ajili ya wale ambao mtaani kwao kuna mkate wa silesi pekee.

Fundi Tanuri

Naomba kuhoji kitu kimoja. Mimi ni mwokaji, nami sioni haja ya sukari katika mkate wa chumvi. Hamira hula wanga wa unga wenyewe. Gramu 10 ulizoweka zinafanya kazi gani? Nauliza kwa sababu tunakumbuka mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Ireland iliamua kwamba mkate wa sandwichi za Subway hauwezi kuhesabiwa kuwa mkate wa kawaida kwa madhumuni ya kodi, kwa kuwa sukari yake ilikuwa asilimia 10 ya uzito wa unga, wakati sheria yao iliweka ukomo wa asilimia 2.

Mzee wa Kaunta

Fundi, umenikamata pazuri, lakini piga hesabu: gramu 10 kwa gramu 500 ni asilimia 2 kamili, kwa hiyo mbele ya majaji wa Ireland mkate wangu ungepona kwa kubahatisha. Kazi ya sukari hiyo ni rangi. Oveni nyingi za nyumbani, hasa hizi ndogo za umeme, hazifiki joto zinaloandika, na bila sukari kidogo mkate hukaa muda mrefu ukisubiri kubadilika rangi na mwishowe ganda huwa nene. Mwenye oveni yenye nguvu kama yako na aiache. Kuhusu Subway sina ugomvi nao. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1965 pale Bridgeport, Connecticut, na kijana wa miaka 17, Fred DeLuca, kwa dola 1,000 alizopewa na Peter Buck, imeifanya sandwichi hii ijulikane mahali ambapo deli ya Kiitalia isingefika kamwe. Ila tunachotafuta katika uzi huu ni ladha ya deli, na ladha hiyo haihitaji mkate mtamu.

Mzee wa Kaunta

Sasa nyama.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkatia mteja nyama ya ng'ombe iliyookwa, vipande vinene kama nilivyoona nyumbani kwetu tukikata nyama ya Sikukuu, nikidhani ninamfanyia ukarimu. Bosi wangu alivitoa vyote, akavirudisha kwenye mashine, akanikatia vingine ambavyo ukivinyanyua unaona mwanga wa taa kupitia kwake. Alivikunja kwa vidole bila kuvibana, akavilaza kwenye mkate, na nyama ileile ya uzito uleule ikaonekana mara mbili. Nilipoonja nikaelewa. Kipande kinene hutafunwa. Chembamba huachia ladha yote mara moja, hukatika bila kuvutwa, na zile nafasi za hewa kati ya mikunjo ndizo zinazonyonya mafuta na siki. Kwa sandwichi ya sentimita 20 gramu 100 za nyama zinatosha kabisa. Anayeweka gramu 200 kwa kawaida anaficha vipande vyake vinene.

Nyumbani bila mashine unaweza kukaribia unene huo kwa njia moja ya uhakika: nyama iliyopikwa na kupozwa iweke kwenye friza kwa dakika 40 hadi saa moja, mpaka iwe ngumu kwa nje lakini kisu kikiingia kipite. Tumia kisu kirefu chenye makali, vuta kwa urefu wa kisu badala ya kukandamiza, na kata kinyume cha nyuzi za nyama. Ukikata kwa kufuata nyuzi, hata kipande cha milimita moja kitakuwa kama kamba.

Nyama za Kiitalia za asili kwa nyambizi ni salami, mortadela, na kapikola, ambayo ni nyama ya shingo ya nguruwe iliyotiwa chumvi na viungo. Hata hivyo deli hiyohiyo huuza nyambizi ya nyama ya ng'ombe iliyookwa, ya bata mzinga na ya jodari, kwa hiyo asiyekula nguruwe hajaachwa nje. Mimi nyumbani hutengeneza aina mbili.

Ya ng'ombe: chukua steki ya paja isiyo na mfupa, kipande kimoja cha kilo moja au moja na nusu, uifunge kwa uzi ili iwe na unene sawa. Ipake chumvi gramu 15 kwa kila kilo, pilipili manga iliyosagwa kwa ukali na kitunguu saumu, iache kwenye friji usiku kucha. Kesho yake ioke kwa moto mdogo wa nyuzi 120 mpaka kipimajoto kikichomwa katikati kisome 63, kisha iache ipumzike. Moto mdogo ndio siri, kwani nyama hupika sawasawa kutoka ukingoni mpaka katikati na haipotezi maji mengi. Ipoze, iweke kwenye friji mpaka siku ya pili. Nyama ya moto haikatiki vyembamba, hata ukiwa na mashine.

Ya kuku: vidari viwili vikubwa visivyo na ngozi, viloweke usiku kucha ndani ya friji katika lita moja ya maji yenye chumvi gramu 50 na sukari gramu 25. Chumvi huingia taratibu na kuifanya nyama ishike maji yake inapopikwa. Vikaushe, vipake paprika na pilipili manga, vioke mpaka katikati pasome 74. Wasio na kipimajoto wakinunue kabla ya kununua kitu kingine chochote nilichokitaja. Bei yake ni ndogo kuliko kilo ya steki iliyoharibika.

Kuhusu jibini sina maneno mengi. Provolone ndiyo ya asili, nayo ina ukali kidogo unaoendana na siki. Ukiikosa, chukua jibini yoyote ngumu kiasi inayokatika vipande vyembamba bila kuvunjikavunjika, gramu 40 hivi kwa sandwichi moja. Mozarela mbichi iacheni, ina maji.

Mama Pacha

Shikamoo Mzee. Nina maswali mawili. La kwanza, nyumbani kwetu hatuli nguruwe, na nimeona salami za ng'ombe dukani, lakini nilipozijaribu sandwichi ilikuwa kavu. La pili, binti yangu ni mjamzito na ameshikwa na hamu ya sandwichi hizi. Nimesikia watu wakionya kuhusu nyama za deli. Ukweli ni upi?

Mzee wa Kaunta

Marahaba, Mama. Ukavu ulioupata una sababu yake. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa hubeba mafuta mengi yanayoyeyuka kwa joto la mdomo, wakati mafuta ya ng'ombe huganda na kukaa kwenye kaakaa. Kwa hiyo usitegemee mafuta ya nyama: ongeza mafuta ya zeituni kijiko kimoja zaidi, kata salami hiyo vyembamba kuliko kawaida, na itoe kwenye friji dakika 15 kabla ya kuliwa. Pia ichanganye na nyama ya ng'ombe ya kuoka niliyoieleza, salami iwe kiungo na nyama iliyookwa iwe chakula.

Swali la pili naliacha kwa mwenye ujuzi, nisije nikasema la kaunta kwenye mambo ya hospitali.

Muuguzi Mstaafu

Nichangie hapo. Hofu inayozungumzwa ni ya bakteria aitwaye listeria. Tofauti yake na wadudu wengi wa chakula ni kwamba baridi ya friji haimzuii kuzaliana, na nyama zilizokatwa na kuliwa bila kupashwa moto humpa nafasi hiyo. Kwa mtu mwenye afya mara nyingi hali huwa nyepesi, lakini kwa mjamzito maambukizi yanaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuzaliwa mgonjwa, hata kama mama mwenyewe alihisi homa ndogo tu. Wazee na wenye kinga dhaifu nao wamo hatarini. Mwaka 2024 Marekani ilipata mlipuko uliohusishwa na nyama za deli, na watu 10 walifariki.

Binti na asinyimwe sandwichi. Nyama yake ipashwe moto mpaka itoe mvuke, nyuzi 74, ndipo iwekwe kwenye mkate na kuliwa papo hapo. Kwa familia nzima, nyama ya pakiti ikishafunguliwa iliwe ndani ya siku tatu hadi tano, na kisu na ubao vilivyogusa kuku mbichi visiguse nyama iliyopikwa kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Mama Pacha

Ahsanteni nyote. Ataipata ya moto.

Mzee wa Kaunta

Tumshukuru Muuguzi. Naendelea na upangaji, ambao ndio unaotenganisha sandwichi ya deli na mkate uliojazwa vitu.

Kata mkate kwa ubavu, lakini usiutenganishe. Kisu kiishie sentimita moja kabla ya upande wa pili, ufunguke kama kitabu. Ule mshipi uliobaki ndio unaozuia vitu kutoroka. Ikiwa mkate ni mnene sana, unaweza kuchokoa kidogo sehemu laini ya upande wa juu, ukapata handaki la kulaza mboga.

Jibini hutangulia, ikilazwa pande zote mbili za mkate. Mafuta yaliyomo ndani yake hayapitishi maji kwa urahisi, kwa hiyo huwa kama turubai kati ya nyanya na mkate. Nyama hufuata, ikiwa imekunjwa ovyo ovyo, isipangwe bapa kama karata. Kisha vitunguu, majani ya saladi, na nyanya.

Vitunguu vikatwe pete nyembamba mno. Hapa sisi tuna elimu ambayo bosi wangu hakuwa nayo: kila aliyekulia kwenye nyumba ya kachumbari anajua kuvikamua kwa chumvi na kuvisuuza kwa maji baridi mpaka ule ukali uondoke. Nilifanya hivyo siku moja kazini na wateja wakauliza vitunguu vile vimenunuliwa wapi. Majani ya saladi yakatwe nyuzi nyembamba kama sukuma wiki, na yawe makavu kabisa. Yaoshe mapema, yakung'ute, yafunge kwenye kitambaa safi ndani ya friji. Nyanya zikatwe vipande vya nusu sentimita, zilazwe juu ya karatasi ya jikoni kwa dakika kumi. Usizitie chumvi wakati huo, maana chumvi huvuta maji yote nje. Chumvi inakuja mwisho.

Sasa siki na mafuta. Siki hutangulia, mafuta hufuata. Ukianza na mafuta, kila jani huvaa koti na siki huteleza mpaka chini ya mkate, mahali usipoitaka. Kwa sandwichi moja nyunyiza vijiko viwili vya chai vya siki juu ya mboga, kisha vijiko vitatu vya chai vya mafuta ya zeituni, halafu oregano kavu iliyosuguliwa viganjani, chumvi na pilipili manga. New Jersey tulitumia siki ya zabibu nyekundu. Mimi sasa natumia ya tufaa. Siki nyeupe ya kawaida ni kali, ipunguze kwa maji kidogo.

Mayonezi? Nitasema kwa heshima kwamba kwenye nyambizi ya kuku au jodari ni sawa, lakini kwenye ile ya Kiitalia huziba kila kitu. Anayeipenda ni haki yake, asinialike tu.

Mwisho, ibane, ifunge kwa karatasi ya kuokea ikaze kama mtoto mchanga, iache mezani dakika kumi, ndipo uikate katikati pamoja na karatasi yake. Dakika hizo kumi watu huzipuuza, ilhali ndani yake mkate hulegea kidogo, vitu hushikamana, na siki hupata muda wa kuifikia nyama.

Fundi Tanuri

Katika hilo la siki na mafuta sikubaliani nawe kwa asilimia mia. Nimekula sandwichi hizi Philadelphia, na pale nilipokula walipaka mafuta moja kwa moja kwenye mkate kabla ya kitu chochote. Mafuta hayo huingia kwenye vitundu vya juu, na siki inapokuja baadaye haipenyi. Kanuni yako ya majani ni sahihi, lakini mkate nao unastahili kinga yake.

Msafiri wa Delaware

Fundi amesema kweli, nami ninaishi huku. Ila tahadhari ndogo: ukifika Philadelphia usiombe nyambizi. Huku jina ni "hoagie", na wengi hulihusisha na Hog Island, kiwanja cha kuundia meli cha wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. New York wataielewa kwa jina la "hero", majimbo ya New England "grinder". Nilipohamia huku kutoka Connecticut niliomba "grinder", na muuzaji akanitazama kama niliyeomba mashine ya kusagia.

Mzee wa Kaunta

Fundi, nakubali marekebisho. Anayetumia jibini ya kutosha pande zote hahitaji mafuta kwenye mkate, lakini anayetengeneza bila jibini, au mwenye boflo yenye vitundu vingi, na afuate njia yako: mafuta kidogo kwenye mkate kwanza, kisha siki na mafuta mengine juu ya mboga. Nimeijaribu mchana huu, na sikupata kosa.

Mvivu wa Jikoni

Wakuu, nimerudi na taarifa baada ya siku nne. Jaribio la kwanza nililiharibu kwa sababu nilikata nyama siku hiyohiyo ilipotoka kwenye oveni, ikawa makombo. Jaribio la pili nimefuata kila neno, na nyama imekatika hadi nikashangaa mwenyewe. Vitunguu vya kamua ni neema. Yamebaki matatizo mawili: ganda la mkate wangu limekuwa nene na gumu licha ya trei ya maji, na ile ya mtoto niliyomfungia shuleni imerudi nusu, akisema ililowa.

Mzee wa Kaunta

Hongera, maana kazi kubwa umeimaliza. Niambie mkate ulikaa muda gani ndani ya oveni na ulifanya nini ulipoutoa.

Mvivu wa Jikoni

Dakika 28, kwa kuwa haukuwa na rangi. Nilipoutoa niliuacha juu ya waya mpaka ukapoa.

Fundi Tanuri

Dakika 28 ndizo zilizojenga ganda hilo. Oveni yako haifiki 220. Iwashe mapema, angalau nusu saa kabla, uweke sahani nzito ya chuma ndani ipate moto pamoja nayo, na trei ya mkate uilaze juu ya chuma hicho. Usifungue mlango kutazama. Ukiona bado inachelewa, paka mikate maziwa kidogo kabla ya kuoka, rangi itakuja mapema. Na ukishaitoa, ifunike kwa kitambaa safi kikavu wakati inapoa. Mvuke unaotoka ndani utalilainisha ganda.

Mzee wa Kaunta

Fundi amemaliza la mkate. La shule ni jepesi. Sandwichi ya kukaa saa nne isiwekewe nyanya wala siki asubuhi. Panga jibini, nyama, vitunguu na majani makavu, uifunge. Nyanya mpe kwenye kikopo pembeni, na siki na mafuta kwenye chupa ndogo yenye mfuniko unaokaza, aitikise na kuimimina mwenyewe wakati wa kula. Nyama nayo haitakiwi kukaa saa nne kwenye joto letu bila ubaridi, kwa hiyo gandisha chupa ya maji usiku na uiweke kwenye mfuko huohuo. Itakuwa imeyeyuka kufikia mchana, naye atapata maji baridi ya kunywa.

Bint Mkunazini

Nami nimetengeneza kwa boflo ya jioni na jodari wa kuchoma, siki ya nazi, bila jibini. Nilifuata njia ya Fundi ya kupaka mafuta kwanza. Haikulowa. Ila Mzee, ile ya kufunga kama mtoto mchanga na kusubiri dakika kumi, kwetu haikuwezekana. Ya kwanza iliondoka mezani ikiwa bado naifunga ya pili.